Mkono wa Bibi Kizibo

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji msalimie sana, mwambie kile kiti alichonitengenezea hakijalegea hata mguu mmoja.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi ya kumaliza sentensi. Ndani ya bahasha kuna karatasi ngumu niliyoizungushia gazeti. Ifungue taratibu. Ni wewe. Nimekuchora kwa kumbukumbu tu, umeinamia cherehani, pini mdomoni, na lile jicho lako la kuuliza nani kagusa mkasi. Shingo imetoka ndefu kidogo, lakini hutalalamika maana nimekupunguzia miaka.

Sasa kaa chini nikuambie nimechora kwa kitu gani. Rangi sikununua. Nimechora kwa mvinyo.

Kazi yangu unaijua. Matangi yakishamwagwa naingia ndani na mpira wa maji na brashi, nasugua mpaka chuma king'ae. Chini ya kila tangi hubaki mashapo, tope zito la zambarau, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikilisukuma kwenye mtaro. Mwezi wa kumi nilijifuta mkono kwenye ukuta uliopakwa chokaa, nikaenda kula. Niliporudi, alama ya mkono ilikuwa imegeuka: pembeni kijani, katikati buluu kama moshi. Chokaa ndiyo iliyoigeuza. Nilisimama pale mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Tangu hapo nabeba mashapo kwenye chupa ya jemu. Nayachuja kwa kitambaa, nayachemsha mpaka yawe mazito. Ukipaka mara moja, yakikauka ni kama doa la chai. Unarudia juu yake, unarudia, hata mara saba, ndipo kivuli cha chini ya jicho kinakubali kukaa. Ukitaka wekundu unakamulia limau. Ukitaka rangi ya mawingu unatia magadi kidogo. Nyeupe haipo, nyeupe ni karatasi yenyewe, na inabidi ujizuie usiiguse. Hapo ndipo nilipoharibu nyingi.

Nachora wanawake wa laini ya kujaza chupa, saa ya chakula, nyuma ya maboksi. Wanakaa dakika ishirini bila kusema neno, jambo ambalo halijawahi kuonekana pale kiwandani.

Niambie umejionaje.

Kitinda wako


15 Februari

Kitinda,

Marahaba. Bahasha yako niliifungulia dukani, mbele ya wateja wawili waliokuja kupimwa sare. Kabla macho hayajaona kitu, pua ilikuwa imeshajua. Harufu ile hata ukinifunga kitambaa usoni siikosei.

Nikuulize, umesahau? Shemeji yako ana miaka minne na miezi miwili hajagusa. Ulikuwepo siku alipouza mlango wa mbele wa nyumba yetu, mlango aliouchonga mwenyewe, tukalala na pazia wiki tatu. Ulikuwepo siku nilipomtoa kwenye mtaro na wewe ukashika miguu. Mpaka leo siki haiingii jikoni kwangu. Halafu wewe unaniletea uso wangu mwenyewe umeloweshwa mvinyo, unaniuliza nimejionaje.

Na jingine nalisema bila kuzunguka. Mtu anayechemsha mvinyo kwake kila siku, anauchuja, anaukoroga, anaunusa, siwezi kuamini kwamba haonji. Nilikulea tangu una miaka tisa. Najua unavyoandika ukiwa na jambo unalolificha: unaanza na utani.

Picha nimeichoma. Usilete nyingine. Kama ni lazima uchore, penseli zimejaa madukani.

Dada yako


26 Februari

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa nimesimama, ya pili nimekaa.

Sinywi. Nilionja nikiwa na miaka ishirini, nikatema, na wewe ndiye uliyenishikia kikombe cha maji. Hilo tulimalize.

Umenichoma kwa kuchoma picha, lakini sitakuomba radhi na kuacha siachi. Unanikumbusha mlango kana kwamba mimi sikulala nyuma ya lile pazia. Nakumbuka. Ndiyo maana. Kitu kilekile kilichokula mlango wako leo kiko mkononi mwangu, na mara hii mimi ndiye ninayekiambia kikae wapi. Nikikiambia kiwe shavu, kinakuwa shavu. Hujui raha yake.

Na si wewe tu unayenikataza. Sikiliza. Meneja alipita saa ya chakula akazikuta picha zimeanikwa juu ya maboksi. Nilidhani nimekwisha. Badala yake akaita watu wa ofisini, wakasifia, akasema zote ishirini na tatu zitundikwe mapokezi wageni wazione, na baadhi ziingie kwenye kalenda ya kampuni. Nilitembea nyumbani kama nimevaa viatu vipya. Kesho yake akaniita, akatenga moja pembeni. "Hii tuiache," akasema.

Ni ya Bibi Kizibo. Tunamwita hivyo kwa sababu amesimamia mashine ya vizibo kuliko mtu yeyote. Mwezi wa kumi na moja mashine ilimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Kampuni ilisema ni uzembe wake, ikamwachisha kazi na kumpa mkono wa kwaheri. Mimi nilikuwa zamu ile lakini nilikuwa upande wa matangi, sikuona vizuri. Nimemchora amekaa kando ya mashine, mkono juu ya goti, jinsi ulivyo. Mahali pa vidole nilikamulia limau.

Nilimwambia Meneja: zote au hakuna. Akacheka, akadhani natania. Wewe unajua mimi nikiwa natania.

Kitinda


11 Machi

Shemeji,

Salamu. Mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema machache.

Dada yako hajui kama nakuandikia. Picha haikuchomwa. Aliisukuma nyuma ya kabati, uso ukutani. Nilikuwa nasogeza kabati nirekebishe bawaba, harufu ikanifikia kabla sijaiona.

Nisikudanganye. Mate yalinijaa. Nikafungua milango yote na madirisha, mchana kweupe, nikaiweka mezani, nikakaa mbele yake. Nikasema, njoo basi tuonane. Hamu ikaja, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nikawa naangalia pini ulizomweka mdomoni. Tatu, na moja imepinda. Anayo hiyo iliyopinda, hataki kuitupa. Nikazihesabu mara nyingi. Baadaye nikagundua niko peke yangu na picha.

Nimemwambia dada yako nimeiona. Alilia kwa hasira, kisha akalia vingine. Bado hajakubali, ila hajaniambia niitoe. Nimeitilia fremu ya mninga. Kioo nimekiacha mbali kidogo na karatasi ili isigande.

Nimeona kwa barua zako, ambazo anazisoma kwa sauti akidhani anafoka, kwamba ziko ishirini na tatu. Nitumie vipimo. Andika na upana na urefu, usiandike "kama sinia."

Fundi


2 Aprili

Kumb. Na. 114/UTW

Kwa: Mwoshaji wa Matangi, Idara ya Uzalishaji

YAH: KUREJESHA MALI YA KAMPUNI

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Uongozi umebaini kwamba, kwa kipindi kisichopungua miezi mitano, umekuwa ukichukua malighafi ya kampuni (mashapo ya mvinyo) bila kibali na kuitumia kuchora picha zipatazo ishirini na tatu. Kwa kuwa malighafi hiyo ni mali ya kampuni, picha hizo nazo ni mali ya kampuni.

Unaagizwa kuzikabidhi zote ofisini kwangu ndani ya siku saba. Uongozi, kwa nia njema, utazitumia ishirini na mbili katika shughuli za kuitangaza kampuni. Picha moja, inayotoa taswira isiyo sahihi kuhusu usalama wa mitambo yetu, itahifadhiwa na uongozi kwa namna utakavyoona inafaa.

Aidha, unakumbushwa kwamba ulitia saini taarifa ya tukio husika, na kwamba kusema kinyume chake sasa kunaweza kukuletea hatua za kinidhamu.

Natumaini utatoa ushirikiano.

Meneja Uendeshaji


5 Aprili

Kwa Meneja Uendeshaji,

Barua yako nimeipata. Nitajibu kwa mtiririko wako ili usipotee.

Kuhusu malighafi. Kwa miaka kumi na moja nimeyasukuma mashapo yenu kwenye mtaro kwa brashi mliyonipa wenyewe. Mtaro unapita nyuma ya ofisi yako, na mara mbili umeniagiza nimwage dawa kwa sababu wageni wanalalamika harufu. Hukuwahi kuyaita malighafi mpaka yalipopata macho na pua. Hata hivyo sitaki mabishano. Pamoja na barua hii nimeacha mapokezi chupa moja ya mvinyo wenu, ile ya lebo nyeusi, nimeinunua dukani kama mteja yeyote. Ni nyingi kuliko nilichotumia, na ni nzuri kuliko nilichotumia. Malighafi yenu imerudi. Kilichobaki kwenye karatasi ni sura za watu, na watu hao hawakuja kazini kama malighafi.

Kuhusu picha moja unayotaka kuihifadhi kwa namna unayoijua. Haitoki. Wala zile ishirini na mbili hazitoki bila yake.

Kuhusu saini. Ni kweli nilisaini. Tarehe kumi na nane Novemba uliniita ofisini, ukaniwekea karatasi inayosema kwamba bati la kinga la mashine ya vizibo lilikuwa mahali pake na mhudumu alilifungua mwenyewe. Ukaniambia nyumba ninayokaa ni ya kampuni. Nikasaini. Karatasi ile ni ya uongo. Bati lilikuwa limefunguliwa tangu mwezi wa nane ili mashine iende haraka, na aliyelifungua ni fundi mitambo kwa amri yako. Niliona. Nilikuwa hatua nne kutoka pale, na mimi ndiye niliyemfunga Bibi Kizibo mkono kwa kitambaa cha kichwani mwangu.

Saini ile naifuta kwa barua hii. Nakala nimepeleka ofisi ya kazi.

Umeomba ushirikiano. Huu ndio niliokuwa nao.

Mwoshaji wa Matangi


21 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nipo likizo kidogo, napumzika, usishangae ukiona anwani imebadilika.

Anayekuletea barua hii ndiye Bibi Kizibo mwenyewe. Amebeba picha zote kwenye boksi la chupa, zimepangwa na magazeti katikati. Naomba uziweke kwako, hata chini ya kitanda. Najua naomba kikubwa. Najua harufu. Shemeji aliniandikia, nisimsaliti zaidi ya hapo. Basi nimemsaliti tayari.

Zamani hazikuwa na hatari. Sasa kuna watu wanaozitaka, na mlango wa chumba nilichohamia unafungwa kwa kamba.

Usimwache Bibi Kizibo abebe ndoo. Atataka.

Kitinda


19 Mei

Kitinda,

Marahaba. Likizo gani? Bibi Kizibo hakufika hata kikombe cha pili cha chai, alikuwa ameshanieleza yote: barua uliyomwandikia mkubwa wako, jinsi walivyokufukuza kazi, wakakutolea godoro nje mchana na wanawake wa laini wakalibeba vichwani mpaka kwenye hicho chumba chako cha kamba. Wewe unaniandikia likizo. Nilikuambia unaanza na utani ukiwa na jambo.

Na hili la kusaini. Kwa nini hukuniambia? Nimelikalia siku nyingi, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Nilitaka kukufokea, kisha nikajiuliza ningekuambia nini mwezi ule wa kumi na moja, na jibu nikalijua. Ningekuambia saini, ulinde nyumba. Pengine ndiyo maana hukuniuliza.

Sasa nikuombe radhi mara moja, sitarudia, kwa hiyo soma vizuri. Nilisema unakunywa. Haikuwa haki. Na nilisema nimechoma picha, nayo haikuwa kweli. Nilishika kiberiti. Sikuweza kuuchoma uso uliochorwa na mtu anayenijua kiasi kile.

Tuendelee. Sikuziweka chini ya kitanda. Shemeji yako alizipanga sakafuni karakana, akazunguka akizitazama kama mtu anayenunua mbao. Alipofika kwenye ya Bibi Kizibo akachutama. "Njoo uone," akaniita. "Hapa pana matundu manne ya bolti. Hayana bolti." Kweli, umeyachora pale kwenye mashine, nyuma ya bega lake, madogo kama mbegu. Sikuwa nimeyaona. Akasema, "Huyu anaonyesha bati lilipokuwa." Tangu saa ile hakupumzika. Fremu ishirini na tatu kwa siku kumi na sita. Bibi Kizibo akamshikia msasa kwa mkono wa kushoto, na usimwambie hawezi, atakuchapa na fremu.

Tumezitundika zote karakana, ukuta unaotazama barabara, milango wazi. Mimi ndiye niliyepigilia msumari wa kwanza. Watu wanakuja. Wanasimama wanauliza ni rangi gani, tunawaambia, wanasogea kunusa. Kuna mama alikaa saa nzima mbele ya picha ya yule msichana wa lebo, anayezibandika kwenye chupa, akasema anafanana na mwanawe aliyehama. Wengine wamenijia kuniuliza inakuwaje, mimi niliyekuwa nakataza hata siki. Nawajibu kwamba ukuta wangu naujua.

Alhamisi, saa nne asubuhi, gari la kampuni likasimama. Meneja wako akashuka na kijana wa mauzo aliyebeba karatasi. Mimi nilikuwa nimeleta chai. Akatazama ukuta wote, kwa haki yake niseme alitazama vizuri, kisha akauliza, "Nani mwenye picha hizi?"

Nikamwambia, "Zina wenyewe ishirini na tatu. Unamtaka yupi?"

"Mama, mimi sikuja kwa ubishi. Zimechorwa kwa mali ya kampuni."

Shemeji yako alikuwa anapiga randa. Hakuinua hata kichwa. "Mimi nilikunywa mali ya kampuni yenu miaka kumi na sita," akasema. "Ilijaa humu mpaka kwenye mifupa. Mbona hamkuja kuuchukua mwili huu mkasema ni wenu?"

Kitinda, tumekaa na mwanamume huyu miaka ishirini na miwili, na hajawahi kulitaja jambo lile mbele ya mgeni. Nilishika birika kwa mikono miwili.

Meneja akashusha sauti, akawa kama mtu anayeomba. "Basi ile moja. Ile ya mkono. Angalau hiyo ishushwe."

Hakuwa amemwona. Bibi Kizibo alikuwa amekaa nyuma ya rundo la mbao anapiga msasa. Akainuka, akajipangusa vumbi, akaja mpaka katikati yao, akanyanyua mkono wa kulia usawa wa uso wake.

"Mkono ni wangu," akasema. "Ukitaka kuushusha ule ukutani, anza kuushusha huu."

Hakupaza sauti. Watu waliokuwa barabarani wakasogea mlangoni. Kijana wa mauzo akazikunja karatasi zake akaziweka mfukoni, na mimi nikamwona akimtazama Bibi Kizibo, akitazama picha, akirudi kwa Bibi Kizibo. Meneja akasema tutasikia kutoka kwa wakili. Nikamwambia wakili akija aje mapema, nina sare za kumaliza.

Sasa ofisi ya kazi wameandika wanataka kuiona picha ile. Shemeji yako ataileta mwenyewe, hamwamini mtu na kioo chake. Wakikuuliza, sema kama ulivyoandika. Usipunguze.

Dada yako


30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Shemeji atakuwa amekusimulia kwa maneno manne, kwa hiyo mengine nasimulia mimi.

Shauri lilisikilizwa kwenye chumba chenye mabenchi mawili na meza moja. Afisa wa kazi ni mama wa makamo, miwani imefungwa uzi. Upande wao walikuja Meneja na wakili. Upande wetu Bibi Kizibo, mimi, Shemeji amekumbatia picha kama mtoto mgonjwa, na nje dirishani wanawake wa laini waliokuwa wamemaliza zamu, na aproni zao.

Wakili akaanza na mimi. Akaniwekea karatasi yangu ya Novemba na barua yangu ya Aprili, sambamba. "Huyu alisaini kwamba kinga ilikuwepo. Leo anasema haikuwepo. Ni mtu yuleyule. Tumwamini yupi?"

Nikaweka kidole juu ya barua ya Aprili. "Mwamini huyu wa leo," nikasema. "Yule wa Novemba alikuwa na nyumba ya kupoteza."

Afisa akaandika. Kisha akaomba picha. Wakili akasimama kusema mchoro si ushahidi, tena mchoro wa mvinyo, mtu anaweza kuchora chochote. "Ni kweli," afisa akamjibu, "sijauchukua kama ushahidi. Umenionyesha pa kwenda kutazama." Akatueleza kwamba wiki iliyotangulia alifika kiwandani bila kutoa taarifa. Bati la kinga alilikuta limefungwa kwenye mashine, linang'aa, na bolti mpya nne. Akamwomba fundi mitambo alifungue. Chini yake chuma kilikuwa na mafuta na vumbi la muda mrefu, sawasawa na sehemu nyingine ya mashine. Kama bati lingekaa pale mwaka mzima, chini yake kungekuwa safi. Fundi mitambo aliulizwa mara moja tu. Akasema yote.

Meneja alikuwa anatazama mikono yake. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikuwa namwona Bibi Kizibo, ambaye kwa miezi saba ameambiwa alijikata mwenyewe, na alikuwa amefumba macho.

Uamuzi ulitoka wiki iliyopita. Bibi Kizibo atalipwa fidia na matibabu, na neno uzembe limefutwa kwenye faili lake. Alitaka asomewe sehemu hiyo mara mbili. Wamemwambia anaweza kurudi kwenye kazi ya kukaa. Amesema atafikiri, na uso wake ulikuwa umeshafikiri. Mimi sikurudishwa, kwa kuwa nilikiri kusaini uongo, na afisa alinionya mbele ya wote. Nilistahili. Nimepata kibarua cha kupaka chokaa shule mbili, hapahapa mtaani. Afisa alipokuwa anajaza fomu ya mwisho aliniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia mchoraji, akaandika bila kuinua kichwa.

Picha zibaki kwako. Kuna mwalimu ameomba azionyeshe kwenye ukumbi wa chuo chao mwezi wa tisa. Zungumza naye wewe. Mwambie sharti letu: zote au hakuna.

Kampuni haijakaa kimya. Kesho yake wakabandika tangazo getini: ni marufuku kutoa mashapo kiwandani kwa chombo chochote. Mlinzi anapekua mikoba, anafungua hata vyombo vya chakula. Nilidhani ndiyo basi, nikaanza kufikiria ninunue mvinyo dukani, na wa dukani ni mwepesi mno, haushiki karatasi.

Jumamosi mchana nikasikia hodi. Ni msichana wa lebo. Akavua aproni mlangoni, ilikuwa nzito, inadondosha. Nyuma yake wa sanduku, nyuma yake wawili wa chupa, kisha wengine watano. Walikuwa wamezilowesha kwenye mtaro zamu ilipoisha, wakazivaa, wakapita mbele ya mlinzi wakimuaga. Aproni iliyochafuka kazini si chombo. Nimekamua tisa kwenye beseni, mikono yangu imekuwa zambarau mpaka viwiko.

Nimeunganisha karatasi sita kwa gundi. Naanza picha moja kubwa ya laini nzima, wote ishirini na watatu, kila mtu mahali pake pa kazi. Msimamizi amesikia, akaja mwenyewe kuuliza kama na yeye anaweza kuwemo. Nimemwambia alete aproni.

Kitinda wako